Kumi Ishirini za Mama Mkwe

Shieywe, Kakamega
Jumapili, baada ya kanisa

Mama,

Usigeuke. Najua mazoea yako. Ukisikia kikohozi changu langoni unavuta leso kichwani na kuingia jikoni kwa mlango wa nyuma, nami nasimama uani nikitazama juu kama fundi aliyekuja kukagua mabati. Tumeishi hivyo miaka tisa. Sijawahi kukushika mkono. Sijawahi kula ukiniona. Maneno yako yote yalinifikia kwa kupitishwa: mwambieni mkwe karibu, mwambieni mkwe mvua inakuja. Ulikuwa hatua nne kutoka kwangu, nasikia kila neno, na bado nangoja mtu aniambie.

Leo nakuandikia mwenyewe, bila kupitia kwa binti yako Rasoa. Kama heshima itakasirika, shauri yake. Imeshatufanyia ya kutosha.

Nikuambie kwanza habari za huku. Kuku wako tumewaleta Shieywe na wawili wameibwa. Shamba la Mayoni shemeji amelitia miwa lote hadi mlangoni pa jikoni yako, maana yeye akiona udongo bila muwa anaona hasara. Na binti yako haongei nami. Ananipikia, ananifulia, ananipigia pasi shati la kanisa, lakini akitaka kuniambia kitu anamwita mtoto. "Mwambie baba yako chakula kiko mezani." Mimi nimeketi hapo hapo mezani. Nimekuwa mkwe katika nyumba yangu, Mama. Naye hajakosea.

Ulikuwa unajua nina kazi kwenye Mradi, lakini hukuwahi kujua kazi yenyewe ni gani, kwa sababu mimi sikuwahi kukuambia na wewe hukuweza kuniuliza. Wacha nikueleze, ucheke. Lilikuja jambo hapa, mwaka wa nne tangu vyama vingi virudi, la kupima wagonjwa wa sukari. Si kupima sukari yao. Hiyo ingekuwa kazi ya maana. Tulipima wanavyojiamini. Tulikuwa na fomu ya maswali ishirini, na kila swali lina mstari kuanzia sifuri hadi kumi. Una uhakika kiasi gani kwamba unaweza kukagua miguu yako kila siku? Una uhakika kiasi gani kwamba unaweza kukataa chai ya sukari ukiwa ugenini? Sifuri maana yake huwezi kabisa. Kumi maana yake unaweza bila wasiwasi wowote. Unazungushia namba, unakunja fomu, unaenda boma linalofuata.

Mkubwa wetu tulimwita Daktari. Usifikiri ni wa kudunga au kushona. Ni daktari wa vitabu, na sindano akiiona karibu anarudi nyuma. Alikuja na kofia pana, maji yake ya kunywa kwenye chupa, na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kushonwa maua kama kochi la bibi harusi. Alituketisha siku tatu akitufundisha kuuliza. Alituambia moyo wa mtu unaweza kupimwa vizuri tu kama mahindi kwenye debe, mradi swali liulizwe kwa namna ile ile kila mahali. Tukaitikia wote. Mimi niliitikia kwa sauti kuliko wengine, kwa sababu nilikuwa nimefutwa ualimu na hii ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Walinipa beji ya kuning'iniza shingoni. Nilikuwa naivaa hata nikienda buchani.

Jambo lenyewe ndilo hili, na hapa ndipo palipokuwa na maisha yako. Mgonjwa mwenye namba za chini aliingizwa kwenye darasa la kila Alhamisi, pale ukumbi wa kanisa Mayoni, chini ya Sista Konsolata, muuguzi anayejua kazi yake. Huko watu wanafundishwa kuvuta dawa na kujidunga hadi mikono izoee, na asiyeona vizuri anatafutiwa mtu wa kumsaidia, na asiyefika anafuatwa nyumbani. Mwenye namba za juu alipewa kadi ya kijani iliyoandikwa ANAJIWEZA. Akawa hafuatwi tena. Anachukua dawa zake na kwenda.

Nikuambie ukweli, namba zile zilikuwa upuuzi tangu siku ya kwanza. Mama mmoja upande wa Matungu alisema tano kwa kila swali, kwa sababu hakutaka kuonekana mwenye kiburi wala mvivu. Mzee mwingine aliniuliza jirani yake alisema ngapi, akaongeza moja. Wengi walisema kumi kwa sababu mgeni amekuja, amevaa beji, amepewa kiti, na mgeni huwezi kumtwika shida zako mlangoni. Mimi nilizaliwa huku. Nilijua hayo yote. Lakini Daktari alipenda fomu zilizojaa, na mimi nilipenda Daktari anipende, basi nikazungushia namba.

Kisha jina lako likaja kwenye orodha yangu.

Sheria ilikuwa usimhoji ndugu yako. Daktari aliogopa tungewapendelea. Yeye mawazo yake yaliishia hapo, kwamba shida ya ndugu ni upendeleo. Hakuna aliyemwambia kwamba kwetu kuna watu ambao huwezi kuwauliza habari za mkojo wao hata ukiwa umeshikiwa panga, na kwamba wa kwanza kati ya hao ni mama aliyekuzalia mke. Ningemwambia mimi. Lakini jina lako na langu hayafanani, kwenye karatasi hakuna anayejua, na Jeniffa, mwenzangu aliyepaswa kuwahoji akina mama wa upande huo, alikuwa ameenda matangani Likuyani. Fomu zilitakiwa Ijumaa. Ningeweza kungoja Jumatatu Jeniffa arudi. Neno "imepungua moja" lilinishinda kusema mbele ya yule mtu mwenye kofia.

Kwa hiyo nilikuja. Nilikohoa langoni, ukaingia jikoni. Nikaketi kwenye kigoda nje, mgongo ukiwa umeegemea ukuta wa jikoni yako, na wewe ukaketi ndani upande wa pili wa ukuta huo huo. Nilikusikia ukisogeza sufuria. Fomu ilitaka jina. Sikuwahi kulitamka jina lako maishani, na siku hiyo nililiandika kwa herufi kubwa. Nilijiona mwanamume wa kisasa.

Nikaanza kuuliza, nauuliza ukuta. Miguu. Ukasema, kumi. Chakula. Kumi. Kuhesabu vipande vya obusuma, ule ugali wetu, kumi. Nilipofika kwenye maswali ya mkojo, ya kutumbukiza kijikaratasi na kusoma rangi, hata sikumaliza kusoma. "Kumi, kumi," ukasema haraka, na nikasikia leso ikivutwa. Ulikuwa unajifunika, Mama, ndani ya jikoni yako, peke yako, gizani, kwa sababu mkwe anauliza habari za mkojo wako nje ya ukuta. Nami badala ya kufunga fomu na kuondoka kwa aibu nikafurahi kwamba mahojiano yanaenda mbio.

Halafu swali la kumi na moja. Una uhakika kiasi gani kwamba unaweza kujidunga sindano mwenyewe, bila msaada wa mtu?

Hukujibu.

Nilikusikia unapumua. Kuku alipita, nikamfukuza kwa kalamu. Kisha ukasema, "Hiyo..." Ukanyamaza tena. Mimi nilijua kabisa kwamba mtu anayeanza na "hiyo" ana neno nyuma yake. Nimekuwa mwalimu, nimesikia watoto mia wakianza hivyo kabla ya kukiri hawajui. Ningengoja tu. Ningesema, Mama, ngoja nimlete Jeniffa. Lakini nilikohoa, kikohozi kile kile cha langoni, cha kukuambia mkwe yuko hapa, heshima iko hapa, fanya haraka.

"Andika kumi," ukasema.

Nikaandika. Kwenye fomu hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu alinyamaza. Maswali tisa yaliyobaki ulijibu kumi kabla sijafika kwenye alama ya kuuliza. Nilipofunga faili ukasema kwa sauti ya furaha, ya mtu aliyetua mzigo, "Mwambieni mkwe akunywe chai kwanza. Hatuachanga mgeni aende mkavu." Hapakuwa na mtu wa kuniambia. Nikanywa chai. Ilikuwa na sukari, na ilikuwa tamu.

Kumi ishirini. Daktari alipoziona aliinua fomu juu. Katika Mradi mzima hapakuwa na mwingine. Akasema huyu mama ndiye mfano wa kile tunachokitafuta. Mimi nikatabasamu na sikusema ni nani. Ila jioni hiyo nyumbani nilisema, tena nilijigamba, kama mimi ndiye niliyekufundisha. Nilimwambia Rasoa, mama yako amekuwa wa kwanza. Binti yako akauliza, "Wa kwanza katika nini?" Nikamwonyesha ile kadi ya kijani kabla sijakuletea.

Hapo sasa ndipo panaponichoma, na sitapamba.

Mwezi wa kumi na mbili Mama Truphena, jirani yako, alihamia Likuyani kwa mwanawe aliyepata shamba. Rasoa aliposikia alianza kukunja nguo zake. Alisema anataka kwenda kukaa nawe mwezi mmoja, roho yake haiko sawa. Nikamcheka. Nilimwambia, mama yako ana kumi ishirini, wewe una nini? Nilimwambia kwamba mambo haya sasa yanapimwa, hayaendi kwa roho. Nilisema maneno ya Daktari kwa mdomo wangu, na nilikuwa nimeketi kwenye kochi, miguu juu ya kigoda. Akazirudisha nguo kabatini. Tangu siku hiyo hadi ulipoanguka zilipita wiki saba.

Sikujua kwamba ni Mama Truphena aliyekuwa akikudunga. Tangu vidonge vilipokushinda ukaingizwa kwenye sindano, kila asubuhi alivuka ua, akavuta dawa, akakudunga, mkanywa uji pamoja. Wewe macho yako yalikuwa hayaoni tena mistari ile midogo. Hukuwahi kujidunga hata mara moja. Ametuambia mwenyewe siku ya mazishi, akilia, akisema alidhani sisi tunajua. Kila mtu Mayoni alijua. Aliyeajiriwa kujua ndiye peke yake hakujua.

Na Alhamisi zile darasa lilikuwa likikutana mita chache kutoka kwako. Wanaanza kwa wimbo, umewasikia. Shemeji anasema ulikuwa unatoka nje kusikiliza, umesimama kwenye kona ya miwa. Aliwahi kukuuliza kwa nini usiingie. Ukamjibu kwamba kwenye karatasi ya mkwe wewe unajiweza, na ukiingia huko utamfanya mkwe mwongo.

Mama, mimi ni mwongo wa kitambo. Ungeingia tu.

Wodini walimwuliza Rasoa kama ulikuwa ukidunga dawa kila siku. Akasema ndiyo, mama anajiweza, ana kadi. Aliitoa kadi kwenye mkoba wako, ya kijani, akamwonyesha muuguzi. Siku ya pili ukatutoka.

Kwenye mazishi nilipewa heshima zangu zote za ukwe. Nilitengewa kiti upande wa wakwe, nikaletewa ingokho, kuku mzima kwenye sinia, paja na firigisi. Watu walisema mkwe amefika, mkwe ametulia, mkwe ni mtu. Nilikula. Sijui nilikulaje.

Baada ya siku ya tatu tulisafisha jikoni. Rasoa ndiye aliyeinua kile chungu kidogo chenye mchanga mbichi, cha kuwekea dawa zipate baridi. Ndani kulikuwa na chupa nne. Zimejaa, zimefungwa, zimepangwa wima, na mchanga bado una maji. Ulikuwa ukienda kuchukua dawa kila zamu, ukiwashukuru, ukizileta nyumbani, ukinyunyizia mchanga asubuhi na jioni ili zisiharibike. Ulizitunza kuliko zilivyokutunza. Rasoa alizitoa moja moja akaziweka mbele ya miguu yangu. Hakusema kitu. Ndiyo mwanzo wa yeye kutosema kitu.

Nilienda kwa Daktari. Siku hiyo alikuwa amewaita watu kuwasomea matokeo, kuna soda na mandazi, kuna mchoro ukutani wenye vijiti vinavyopanda. Kijiti kirefu kuliko vyote kilikuwa chako. Nilingoja watu wapungue, nikamwambia. Nilimwambia yule mama wa kumi ishirini amekufa, ni mama mkwe wangu, fomu niliijaza kupitia ukuta, na haina ukweli hata mmoja. Alivua kofia, nikadhani ameguswa. Akasema pole sana. Akasema inasikitisha. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, "Lakini usijilaumu. Mgonjwa mmoja hasumbui wastani."

Basi lala salama, Mama, hukumsumbua. Wastani uko salama salimini. Wastani huo umepanda ndege kwenye diski ya Daktari na unaendelea vizuri.

Nilivua beji nikaiweka kwenye sahani ya mandazi. Usifikiri ni ushujaa, kazi ilikuwa inaisha mwezi huo huo.

Namdharau yule mtu, nataka ulijue hilo. Nayadharau maswali yake ishirini na kitambaa chake cha maua. Lakini yeye angalau hakukusikia ukisema "hiyo". Aliyesikia ni mmoja tu. Kila nikijaribu kumalizia hasira yangu kwa Daktari, inageuka langoni na kunirudia.

Kuna jambo jingine nalo nilitoe. Blanketi. Kwenu mkwe akishampelekea mama mkwe blanketi, akamfunika mabegani mbele ya wazee, uzio unashuka. Mnaketi chumba kimoja, mnaulizana habari. Wenzangu wote waliooa kwenu wamepeleka. Mimi langu nililinunua mwaka wa tatu wa ndoa, la rangi ya damu ya mzee, liko juu ya kabati kwenye nailoni yake hadi leo. Kila mwaka nilisema Krismasi. Ukweli ni kwamba ule ukuta ulinifaa. Uzio ungeshuka, wewe ungeniuliza, mwanangu, ualimu ulikutokaje? Nikaona afadhali unione mtu wa heshima kutoka mbali. Kama ningelileta, siku ile ya fomu ungenitazama machoni ukasema, sioni mistari, baba. Maneno matatu tu, na sasa ungekuwa unaimba na wenzako Alhamisi.

Nilienda kwa Sista Konsolata nikiwa na fomu zangu za zamani, nakala za wino wa zambarau, nikamwuliza nifanye nini na watu hawa wote walionipa nane, tisa na kumi. Hakunionea huruma, na nilimshukuru kwa hilo. Alinipa sindano, chupa ya maji na machungwa mawili. "Usiwaulize chochote," akasema. "Mpe sindano mkononi, unyamaze, utazame."

Nimeanza. Kwa akina mama naenda na Jeniffa, mimi nabaki langoni, na sikohoi. Wiki iliyopita tulifika kwa mzee aliyenipa tisa. Alivuta hewa tupu, akalidunga chungwa kwa adabu zote, akanirudishia sindano akiwa ameridhika. Nikaliona swali la kumi na moja limeketi mbele yangu na fimbo yake. Hatukumwambia amekosea. Jeniffa alimshika mkono wakarudia pamoja, na Alhamisi alikuwa ukumbini, mstari wa mbele, akilalamika kwamba wanaimba vibaya. Hiyo ndiyo furaha niliyoipata mwaka huu mzima na sijui niiweke wapi, kwa sababu ilipaswa kuwa yako.

Jana Rasoa alinikuta nafunga machungwa kwenye mfuko. Alisimama mlangoni. Kisha akapanda kwenye kiti, akashusha lile blanketi, akapangusa vumbi kwenye nailoni, akaliweka mapajani mwangu. Hakumwita mtoto. "Hili halikuwa la kukaa kabatini," akaniambia. Ndiyo maneno ya kwanza tangu chungu.

Nakuaga sasa, Mama. Nisamehe ukiweza, na usipoweza usiseme umeweza. Umeshanipa kumi za kutosha.

Ahadi yangu ndiyo hii. Jumamosi nakuja Mayoni na Rasoa. Nitapita kwenye miwa ya shemeji hadi ulipo, nitalitoa blanketi kwenye nailoni, nitalitandaza juu yako kuanzia mabegani, na nitaketi mbele yako bila ukuta. Nitakuuliza swali moja tu, lile la kumi na moja. Utaanza na "hiyo". Sitakohoa, wala sitakuwa na kalamu. Nitangoja hadi umalize.

Mkwe wako